Kuinama Mbele ya Kioo

Tundu lilikuwa usawa wa kiuno changu.

Nalikumbuka vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wa daktari. Kioo kinene cha mapokezi ya hospitali kilipanda kutoka kaunta hadi karibu na dari, na chini kabisa, kama kiganja kimoja juu ya mbao, walikata duara la ukubwa wa kisahani. Ukingo wake ulizungushiwa utepe wa plasta uliogeuka kijivu kwa kushikwashikwa. Juu ya duara kulikuwa na mabaka ya mafuta kwenye kioo, na ilinichukua muda kutambua yametoka wapi. Vipaji vya nyuso. Kila aliyeinama kujieleza aliegemeza kichwa pale.

Mdogo wangu alikuwa hajalala kwa usiku 4. Kumfikisha mpaka kwenye foleni ile ilikuwa kazi ya siku 2 za kubembeleza. Zamu yetu ilipofika, sauti ikatoka ndani: "Shida nini?" Akainama nusu, halafu akageuka kuangalia nyuma. Mtu aliyetufuata alikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake tulikuwa tunaisikia. Mdogo wangu akanyooka.

"Hakuna shida," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akaanza kuondoka.

Nikamshika mkono. Nikainama mimi. Nikayasema yote ndani ya lile tundu, na kwa kuwa karani hakunisikia mara ya kwanza, niliyarudia kwa sauti ya juu: kwamba halali, kwamba anasikia watu wanamwita, kwamba juzi alituambia amechoka kuishi.

Nilipoinuka, foleni nzima ilikuwa kimya.

Wiki 7 zimepita. Mdogo wangu amepata nafuu na yuko nyumbani. Ameisoma makala hii kabla yenu, na mambo 2 aliyoniomba niyatoe nimeyatoa. Lakini lile tundu halijaniacha. Nikiosha vyombo naliona. Nikisimama benki mbele ya dirisha la karani naliona. Kwa nini chini vile? Nani aliamua kwamba mtu anayekuja kusema neno gumu kuliko yote maishani mwake aliseme akiwa amepinda mgongo, mbele za watu?

Nilianza kwa kuulaumu ukuta

Alilazwa. Nikawa naenda kila jioni, saa za kutazama wagonjwa, na kwa sababu mazungumzo yetu siku zile za mwanzo yalikuwa mafupi, nilibaki na muda mwingi wa kulitazama jengo.

Madirisha ya wodi yalikuwa juu sana. Aliyelala aliona kipande cha mbingu. Aliyesimama aliona ukuta. Mlango wa chuma ulijifunga wenyewe kwa kishindo, na kila ulipogonga mdogo wangu alipandisha mabega kama mtu anayetegemea kupigwa. Jioni moja nilihesabu. Mara 41 ndani ya saa moja. Yeye alikuwa pale saa 24, na dawa alizopewa zilikuwa za kumtuliza.

Usiku nikirudi nyumbani nilikuwa nasoma, na nilichokipata kilinitia hasira zaidi.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti mdogo ambao bado unatajwa kila yanapozungumzwa majengo ya hospitali. Alipekua mafaili ya wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu walikuwa wamelazwa vyumba ambavyo madirisha yake yanatazama miti, nusu vyumba vinavyotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema kidogo, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, na maelezo ya wauguzi juu ya hali zao yalikuwa na malalamiko machache. Upasuaji ule ule, korido ile ile, tofauti ni kilichopo nje ya kioo.

Hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji, nikajiambia. Basi nikatafuta wetu. Huko Milan, Italia, watafiti waliangalia wagonjwa wa sonona waliolazwa kwenye jengo lenye vyumba vya mashariki na vya magharibi. Hakuna aliyekuwa amepanga nani alale wapi kwa sababu ya jua. Matokeo yao yalitoka mwaka 2001: wenye ugonjwa wa baipola, ambao hisia hupanda mno kisha zikashuka mno, waliolala vyumba vinavyopata jua la asubuhi walikaa hospitalini siku 3 na ushei pungufu kuliko wenzao wa upande wa pili. Kwa wenye sonona ya kawaida tofauti hiyo haikuonekana. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niuamini utafiti wenyewe. Jua halikufanywa dawa ya kila kitu.

Siku 3. Yeyote aliyewahi kuhesabu siku za mgonjwa wake wodini anajua siku 3 ni nini.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira, na sasa nilikuwa na ushahidi. Jengo ni baya, jengo linaumiza watu, wajenge jengo jingine. Ningeandika makala hii wiki ile ile, na ingekuwa makala ya kuomba saruji.

Kilichonizuia ni viti.

Viti vinavyorudi ukutani

Chumba cha kukutania na ndugu kilikuwa na viti kama 20, vyote vimepangwa kuzunguka kuta, migongo ukutani, kama ukumbi unaongoja kufagiwa. Ukikaa na mgonjwa wako mnakaa bega kwa bega, mnatazama mbele. Kumwangalia usoni lazima uzungushe shingo. Ukizungumza, maneno yako yanavuka chumba na kuwafikia waliokaa upande wa pili.

Jioni ya tano nilivuta viti 2 nikavielekezanisha kwenye kona. Tulikaa hivyo, magoti yakikaribiana. Ndiyo siku ya kwanza aliyonieleza kwa mpangilio yaliyomkuta. Alizungumza karibu nusu saa.

Kesho yake viti vilikuwa vimerudi ukutani. Nikavuta tena. Vikarudi tena. Siku ya tatu nikamkuta mama wa usafi akivipanga, nikamuuliza kwa upole, naye akanijibu kwa upole vilevile: "Mwanangu, mimi sina tatizo. Ukaguzi ukija, wanataka katikati kuwe wazi."

Nilikaa nikalifikiria jibu lile njia nzima. Viti havikufungwa kwa skrubu. Hakuna msanifu aliyevipigilia pale. Kilichokuwa kinavirudisha ukutani kila usiku ni sentensi moja kwenye karatasi ya ukaguzi.

Nilipoanza kusoma habari za viti nikagundua wenzetu walishagongana na jambo hili zamani sana. Miaka ya 1950, huko Saskatchewan, Canada, daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond na mwanasaikolojia Robert Sommer waliiangalia wodi ya wazee iliyokuwa imekarabatiwa vizuri: rangi mpya, viti vipya, kila kitu kipya. Wagonjwa walikuwa wamekaa mstari ukutani, wananyamaza. Sommer akavipanga viti kuzunguka meza ndogo. Mwanzo viti vilikuwa vinarudishwa ukutani, maana ndivyo watu walivyozoea. Alipoendelea, mazungumzo kati ya wagonjwa yaliongezeka karibu maradufu. Ripoti ya Sommer na mwenzake Hugo Ross ilitoka mwaka 1958.

Wodi ilikuwa nzuri tayari. Tatizo lilikuwa mazoea.

Hapo lawama yangu ikaanza kuyumba.

Kirkbride na idadi ya vitanda

Karne ya 19 kulikuwa na daktari Mmarekani, Thomas Kirkbride, aliyeamini kwa moyo wote kwamba jengo lenyewe ni tiba. Alichora hospitali zenye mabawa marefu yaliyopangwa kama ngazi, kila bawa likianzia nyuma kidogo ya jingine, ili kila chumba kipate hewa na mwanga kutoka nje. Bustani pande zote. Ya kwanza kujengwa kwa mpango wake ilifunguliwa Trenton, New Jersey, mwaka 1848, na nyingine nyingi zikafuata. Ukiziangalia picha zake leo unasikitika, maana ni majengo ya fahari.

Lakini Kirkbride aliweka sharti. Wagonjwa wasizidi 250. Zaidi ya hapo, alisema, daktari mkuu hawezi kumfahamu kila mmoja, na jengo linapoteza maana.

Mwaka 1866 chama cha wakuu wa hospitali hizo, ambacho Kirkbride mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, kiliruhusu idadi ipande mpaka 600. Hawakubomoa ukuta hata mmoja. Walibadilisha tarakimu. Miongo iliyofuata vitanda viliingia kwenye korido zile zilizochorwa kwa ajili ya mwanga, na majengo yale yale yaliyoitwa tiba yakawa majina ya kuwatishia watoto.

Nilipofika hapo nilijiuliza: basi hata tukipewa jengo zuri kesho, kitu gani kitalilinda?

Na kuna kisa cha upande wa pili. Mwaka 1971 daktari Franco Basaglia alipewa kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trieste, Italia, iliyokuwa na watu karibu 1,200. Jengo lilikuwa la zamani, la mageti na kuta. Yeye hakuanza na jengo. Alianza na kanuni: akakomesha watu kufungwa vitandani, akafungua milango ya wodi, akaitisha mikutano ambapo wagonjwa walisema na wauguzi walisikiliza. Mwaka 1973 wagonjwa, wasanii na wafanyakazi walitengeneza farasi mkubwa wa rangi ya buluu, wakampa jina Marco Cavallo, wakapanga kumtoa mjini kwa maandamano. Farasi akawa mkubwa kuliko mlango. Ikabidi wauvunje ndipo apite.

Mwaka 1978 Italia ikapitisha Sheria namba 180, iliyozuia kujenga hospitali mpya za kuwafungia wagonjwa wa akili na kuanza kuzifunga zilizokuwepo, huduma zihamie kwenye vituo vya mitaani. Trieste wakawa na vituo vidogo vilivyo wazi saa 24, vyenye vitanda vichache, ambako mtu anaingia kama anavyoingia kwa jirani.

Kwa hiyo hapa kuna majengo ya fahari yaliyoharibiwa na tarakimu, na pale kuna jengo la mageti lililofunguliwa na kanuni kabla ya nyundo kuligusa. Kwa wiki nzima niliamini kwamba jibu ni sera, na kwamba majengo ni mapambo. Ningeweza kuandika makala hiyo pia.

Mlango wa bafu

Halafu kuna jambo ambalo limenipa shida kuliko yote, na sitalizunguka.

Bafu la wodi halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia fupi lililoshikwa kwa sumaku, ambalo linaanguka ukilivuta. Mdogo wangu aliona aibu sana kuoga pale. Alinilalamikia, akalia. Nikamfariji, nikasema nitazungumza na wahusika.

Sikuzungumza na mtu. Kwa sababu mimi nilifurahi kwamba hakuna mlango.

Niliogopa. Kichwani mwangu kulikuwa na ile sentensi niliyoisema mimi mwenyewe ndani ya tundu. Kama wangeniuliza siku ile, ningewaambia waondoe na pazia. Ningewaambia wafunge kila kitu. Naiandika hii kwa sababu ndugu tunapenda kuzilaumu hospitali kwa kuwafungia watu wetu, na mara nyingi sauti ya kwanza kusema "mfungieni" ni ya kwetu.

Nilitafuta kujua kama woga wangu ulikuwa sahihi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani uliopitia miaka 15 ya kumbukumbu za hospitali 21, wagonjwa waliolazwa karibu mara 350,000. Baadhi ya hospitali zilifunga milango ya wodi, nyingine ziliiacha wazi. Walitegemea mlango uliofungwa ungepunguza watu kujiua na kutoroka. Haukuonekana kupunguza.

Sisemi mlango uachwe wazi kila mahali kesho asubuhi. Utafiti wa kumbukumbu una mipaka yake, na hospitali zile zina wauguzi wengi kuliko nyingi duniani. Lakini niliusoma nikabaki na swali: kama kufuli halikumlinda mtu kama nilivyodhani, nini kinamlinda?

Nadhani jibu nililiona jioni moja bila kulitambua. Kulikuwa na muuguzi wa zamu, dada mmoja mtulivu, aliyekuwa akipita karibu na bafu kila mdogo wangu alipoingia. Hakusimama kumchungulia. Alikuwa anapanga mashuka kwenye kabati la jirani huku akiongea naye kwa sauti: hali ya hewa, nywele, chochote. Mdogo wangu anajibu kutoka ndani. Yule dada aligeuza pazia kuwa mlango na ulinzi kwa wakati mmoja. Lakini zamu yake ilikuwa na wauguzi 2 kwa wodi nzima, na siku aliyokuwa peke yake hakuweza.

Uingereza walijaribu jambo linalofanana na hilo kwa mpangilio. Mpango unaitwa Safewards, uliongozwa na Len Bowers, na una mambo 10 madogo ya kufanya wodini: namna ya kutoa habari mbaya, namna ya kukataa ombi bila kumdhalilisha mtu, wauguzi na wagonjwa kufahamiana kidogo kwa mapenzi na shughuli zao, wanaoruhusiwa kwenda nyumbani kuwaachia wengine ujumbe wa matumaini. Hakuna tofali. Majaribio yao ya wodi 31 katika hospitali 15, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha migogoro ikipungua kwa asilimia 15, na matumizi ya nguvu, kama kumkamata mtu, kumtenga au kumdunga sindano ya haraka, yakipungua kwa asilimia 26.

Na nilipotaka kufunga mjadala kwamba ni watu na kanuni tu, nikakutana na Göteborg. Huko Sweden, mwaka 2006, kilifunguliwa kitengo kipya cha wagonjwa wa akili katika hospitali ya Östra, kimechorwa kwa nia ya kupunguza msongo: kila mtu chumba chake na bafu lake, viti vinavyosogezwa, bustani ambayo mgonjwa anaingia, kelele zimepunguzwa, mwanga wa jua, muuguzi anaweza kuona sebule bila kukaa nyuma ya ngome. Roger Ulrich yule yule, miaka 34 baada ya utafiti wa miti, alikuwa kwenye timu iliyolinganisha kitengo hicho na jengo la zamani lililotumika kabla yake. Sindano za kulazimisha na kufungwa mikanda vilipungua.

Tofali nalo limo, basi.

Nilipokaa upande wa ndani

Nilirudi kwenye tundu. Mdogo wangu alikuwa karibu kutoka, na nilikuwa nimezoeana kidogo na karani wa mapokezi. Nikamwuliza lile swali lililokuwa limenikaa. Kwa nini tundu liko chini?

Akasema hajui, alilikuta. Akaniita niingie ndani nione.

Nikakaa kwenye kiti chake. Duara lilikuwa mbele ya mdomo wangu kabisa.

Nilikaa pale pengine dakika 5. Fundi hakukosea. Alipima vizuri, ila alimpima aliyekaa ndani. Na kutoka kwenye kile kiti niliwaona watu wanaokuja: niliona mikanda, mikoba, mikono inayokunja karatasi. Sikuona nyuso. Yule karani niliyemchukia kwa wiki kadhaa anashinda siku nzima akiongea na matumbo, na ili amwone mtu usoni lazima akunje shingo, kama yule wa nje anavyokunja mgongo. "Jioni shingo inaniuma sana," akaniambia.

Kioo chenyewe kiliwekwa baada ya mfanyakazi mmoja kupigwa na kuumizwa, miaka mingi nyuma. Kulikuwa na sababu ya kweli. Ikaandikwa kwamba mapokezi yawekewe kinga. Karatasi ilisema kinga. Haikusema mtu ataongeaje. Haikusema foleni isimame umbali gani. Haikumwuliza yeyote aliyewahi kusimama pale nje akiwa hajalala usiku 4.

Sikuweza tena kuitenganisha sera na ukuta baada ya hapo. Ule ukuta ni sera iliyokauka. Mtu aliandika sentensi, sentensi ikawa bajeti, bajeti ikawa kioo, na sasa mdogo wangu anainama.

Wachache wamejaribu kwenda upande wa pili wa kioo kabla ya kuchora. Kule kule Saskatchewan alikuwepo msanifu Kiyoshi Izumi, aliyepewa kazi ya kuchora hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitaka kujua jengo linaonekanaje kwa mtu ambaye akili yake imevurugika, hivyo, chini ya usimamizi wa Osmond, alimeza LSD, kemikali inayovuruga namna mtu anavyoona vitu, ambayo enzi zile ilikuwa inafanyiwa utafiti na madaktari, kisha akatembea kwenye wodi za zamani. Korido ndefu zilimtisha. Vigae vinavyong'aa vilimchanganya. Hospitali aliyoichora, ya Yorkton, haina korido hizo ndefu. Simpendekezei msanifu yeyote njia hiyo leo, na haihitajiki. Watu wanaojua korido ile ikoje usiku wa manane wapo, wamepona au wanaendelea na dawa, na wanaweza kuulizwa.

Kuulizwa kwenyewe ni sheria, siyo hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi zilizouridhia kuwashirikisha kwa karibu watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye ulemavu wa kiakili na kisaikolojia, katika kutunga sera zinazowahusu. Ibara ya 4 inasema hivyo. Ningependa kuona ibara hiyo ikisomwa kwenye kikao kinachojadili ramani ya jengo: kimo cha dirisha, mlango wa bafu, nani anashika ufunguo wa bustani, viti vikae wapi siku ya ukaguzi.

Na fedha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba kwa wastani nchi zinatenga chini ya asilimia 2 ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na kwamba katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya kiasi hicho huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Maana yake ni kwamba mlango wa kwanza wa watu wengi ni mlango wa mwisho uliopaswa kubishwa. Kama kungekuwa na chumba kimoja kwenye kituo cha afya cha karibu, chenye mlango unaofungika na muuguzi aliyefundishwa, mdogo wangu angesema lile neno akiwa amekaa, siku 10 kabla, kabla halijawa kubwa vile. Ukimwuliza mwanasiasa, hilo ni suala la huduma za msingi. Ukimwuliza msanifu, ni chumba cha mita 3 kwa 3. Kwangu mimi ni kitu kimoja.

Kiti

Siku ya kutoka, wakati nasubiri karatasi, nilimwomba karani ruhusa ya kuweka kiti upande wa nje. Kiti cha plastiki tu, kutoka kwenye ule mstari wa ukutani. Akafikiri, akasema haoni kitu kinachokataza. Akatoa utepe wake wa plasta, tukabandika mstari sakafuni, hatua 3 nyuma, ili foleni isimame pale.

Nikajaribu kukaa. Duara likaja mbele ya mdomo wangu. Ng'ambo ya kioo alikuwa yeye, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi.

Nilimweleza mdogo wangu tukiwa njiani. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Dada, siku ile nilikuwa naondoka kweli." Nikamwambia najua. Akasema, "Na wewe ukawaambia wote." Nikamwambia najua hilo pia, na nikamwomba msamaha, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki nyingi kabla.

Juzi alikuwa na siku yake ya kliniki. Tulipoingia, mstari wa plasta ulikuwa umeng'oka nusu na watu wamesongamana mpaka kwenye kioo. Kiti hakikuwepo. Kilikuwa kimerudi ukutani, kimenyooka sawa na wenzake.

Nilitaka kwenda kukichukua. Mdogo wangu akanizuia kwa mkono, akaenda yeye, akakiinua, akapita nacho katikati ya foleni akiomba nafasi. Akakiweka mbele ya tundu. Akageuka, akawaomba waliokuwa nyuma wasogee kidogo, nao wakasogea.

Akakaa. Mimi nilibaki nyuma ya mstari, na alichomwambia karani sikukisikia.